Barua ya wazi kwa viongozi wa soka Mkoa wa Mwanza: madaftari ya mechi zetu yako wapi?

Kwenu viongozi wa chama cha mpira wa miguu cha mkoa. Viongozi wa vyama vya wilaya kuanzia Nyamagana na Ilemela hadi Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema na Ukerewe. Maofisa michezo wa halmashauri. Na wamiliki wa vilabu.

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu hamjambo.

Nilikuwa katibu wa klabu ndogo ya ligi ya mkoa hapa Mwanza kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Klabu hiyo sitaitaja, kwa kuwa ninayoyaeleza hayakutokea kwetu peke yetu, na wengi wenu mtajiona humu hata jina lisipotajwa. Sina ugomvi na mtu. Nina ombi moja, nami nalisema mapema ili asiye na muda alione kabla hajaiweka barua hii kando: naomba kila mchezo rasmi unaochezwa katika mkoa huu, kuanzia ligi ya wilaya, uandikwe, na nakala ya maandishi hayo itunzwe mahali pamoja panapojulikana, ambapo mwananchi yeyote anaweza kwenda kuisoma.

Najua ombi hili litaonekana la anasa mbele ya watu wenye viwanja vibovu na timu zinazodaiwa nauli na mwenye basi. Kwa hiyo niruhusuni nieleze nilivyofika hapa.

Mwaka juzi nilikwenda nyumbani kwa aliyekuwa katibu kabla yangu, mzee wetu ambaye sasa ni marehemu, kuomba madaftari ya misimu ya nyuma. Tulitaka kuandika historia fupi ya klabu, kurasa kumi hivi, ili tuiambatanishe na barua ya kuomba udhamini. Mjane wake alinikaribisha vizuri, akanipa uji, kisha akaniambia ukweli bila kuzunguka. Makaratasi ya mpira yalikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Baada ya msiba chumba kilipangishwa, sanduku likahamishiwa jikoni, na tangu hapo makaratasi yamekuwa yakiwashia mkaa. Simlaumu hata kidogo. Hakuna kiongozi aliyewahi kufika pale kumwambia kwamba yale makaratasi si ya mumewe bali ni ya klabu, na sisi tuliokwenda kumzika mzee hatukukumbuka kuuliza habari za sanduku.

La maana nililolipata ni kaunta buku moja la kwaya tatu, jalada lake limeingia mafuta upande mmoja. Mzee alilichora safu kwa rula: tarehe, mpinzani, uwanja, matokeo, wafungaji, kadi, maelezo. Ushindi na sare aliviandika kwa kalamu ya bluu, kufungwa kwa nyekundu. Kwenye safu ya maelezo ya mchezo mmoja ameandika hivi: "Mvua. Tumesimama dk 25. Mpira wa akiba umeingia ziwani." Kwenye mwingine: "Mshika kibendera hakuja, amekaa mtazamaji." Mpaka mchezo wa tisa wa msimu ule tulikuwa tumeshinda mitano, tukatoka sare miwili na kufungwa miwili. Kurasa zinazofuata zimechanwa. Niliwauliza wachezaji watatu wa kikosi kile tulimaliza nafasi ya ngapi, na kila mmoja akanipa jibu lake, kwa uhakika mkubwa kabisa.

Kama hali hiyo ingekuwa ya klabu za mtaani tu, labda nisingewasumbua. Lakini chukueni klabu kubwa kuliko zote zilizopata kutoka hapa, Pamba, kwa majina ya utani TP Lindanda au Wana Kawekamo, klabu iliyobeba jina la zao lililowajengea nyumba na kuwasomesha watoto wengi wa Usukumani. Ukikaa kijiweni Makoroboi au Mlango Mmoja ukauliza bingwa wa Tanzania mwaka 1990 alikuwa nani, utajibiwa Pamba kabla hujamaliza swali. Ukifungua orodha za mabingwa zinazosambaa, utakuta mwaka huohuo baadhi zimeandika Pamba na nyingine zimeandika Simba. Chanzo chake si siri kwa mtu wa umri wangu: enzi zile kulikuwa na ligi ya Bara, na kulikuwa na Ligi ya Muungano iliyozikutanisha timu za Bara na za Zanzibar, na watengenezaji wa orodha wa siku za baadaye wakazichanganya mbili hizo katika safu moja. Kijana wa leo hajui hilo. Akiona majina mawili kwenye mwaka mmoja, anadhani mmoja kati ya wanaosema ni mwongo, na kwa kuwa Simba ina watu wengi zaidi wa kuisemea, mnajua ni nani ataonekana mwongo.

Msimamo wa ligi ile, mechi baada ya mechi, wafungaji na tarehe, nimeutafuta katika ofisi kadhaa za hapa mkoani bila kuonyeshwa hata karatasi moja. Nilichopata ni hadithi. Hadithi ni nzuri, nami nazipenda: ile ya Shelisheli, kwa mfano, jinsi Pamba ilivyoifunga Anse Boileau mabao 12 kwa 1 katika Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1990, na kwa michezo miwili jumla ikawa 17 kwa 1. Hilo limehifadhiwa kwa sababu shirikisho la Afrika lina vitabu vyake. Lakini nani alifunga bao la saba? Nani alitoa pasi? Kikosi kile kilipitiwa na akina Khalfan Ngassa, ambaye mwanawe Mrisho alikuja kuwa mshambuliaji wa Taifa Stars, na akina George Masatu, Fumo Felician na Nteze John. Hao wanatajwa. Waliokuwa benchi wanatajwa na nani?

Nitasema neno moja la kiufundi kuhusu takwimu za zamani kisha niendelee. Msimamo wa ligi usioambatana na kanuni za msimu wake unapotosha. Pointi tatu kwa ushindi zilianza Uingereza mwaka 1981 na zikaenea duniani katika miaka ya 1990; kabla ya hapo ushindi ulikuwa pointi mbili. Mtu akilinganisha pointi za timu ya enzi hizo na za timu ya leo bila kujua hilo, ataiona timu ya zamani dhaifu kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo ninaposema tutunze kumbukumbu, simaanishi namba peke yake. Namaanisha pia kanuni, ratiba na maamuzi ya kamati.

Na maamuzi ya kamati yana uzito wake katika historia ya soka la mkoa huu. Mbao FC, timu iliyoanzishwa na wafanyabiashara wa mbao wa hapa mjini, haikupanda Ligi Kuu mwaka 2016 kwa kuongoza kundi lake. Ilipanda kwa sababu siku ya mwisho ya Kundi C la Daraja la Kwanza, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa mabao 8 kwa 0, na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7 kwa 0, timu mbili zilizokuwa zikifukuzana kwa tofauti ya mabao. Shirikisho likachunguza, timu zote nne zikaadhibiwa kwa kupanga matokeo, na Mbao ikapanda. Angalieni hapo. Kilichoanza kuwashtua watu ni matokeo yaliyoandikwa, yaliyowekwa sambamba na matokeo ya misimu yao mingine. Mahali ambapo hakuna rekodi, mabao nane ni mabao nane tu, na kila mtu anakwenda nyumbani.

Mwaka uliofuata ndio ambao watu wa Kirumba hawataacha kuuzungumza. Chini ya kocha Étienne Ndayiragije kutoka Burundi, Mbao iliitoa Yanga kwa bao 1 kwa 0 katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho mwezi Aprili 2017, pale CCM Kirumba. Fainali ikapigwa Dodoma tarehe 27 Mei dhidi ya Simba, ikaenda muda wa nyongeza, na Simba ikashinda 2 kwa 1 kwa penalti ya dakika za mwisho kabisa. Wiki moja kabla ya fainali hiyo, Mbao ilikuwa imeifunga Yanga tena 1 kwa 0 katika mchezo wa kufunga ligi, na Yanga ikatwaa ubingwa kwa tofauti ya mabao tu, ikiwa imefungana na Simba kwa pointi 68. Msimu huohuo ndugu zao wa Toto Africans, Wana Kishamapanda, wakashuka daraja, nasi wengine tuliokuwa tunazishangilia timu zote mbili tukabaki hatujui tule ubwabwa au tukae matanga.

Nimeyaeleza hayo kwa kirefu kwa sababu ni ya juzi tu, na bado tayari yanapotea. Muulizeni mtu kikosi cha Mbao kilichoanza nusu fainali ile. Miaka mitatu baadaye, katika msimu wa 2019/20, Ligi Kuu ilikuwa na timu 20, ilisimama Machi kwa sababu ya corona, ikarejea Juni, na ilipomalizika Alliance ya hapa Mwanza ilikuwa miongoni mwa timu nne zilizoshuka moja kwa moja, huku Mbao ikitolewa na Ihefu katika mchujo. Timu mbili za jiji moja, msimu mmoja. Gwambina ya Misungwi ikapanda kuziba pengo, nayo ikashuka baada ya msimu mmoja. Kuanzia hapo mkoa huu ulikaa misimu mitatu bila timu yake Ligi Kuu. Tulikuwa tukienda Kirumba kuitazama Geita Gold ilipokuja kutumia uwanja wetu, jirani mwema, tukapiga makofi kwa adabu.

Timu ikishuka, kinachoondoka kwanza ni wachezaji, kisha kocha, kisha basi. Cha mwisho kuondoka, tena kimyakimya, ni makaratasi. Yanabaki kwenye gari la meneja, au kwenye droo ya duka la mfadhili, au kwenye kompyuta ya mpakato ya ofisa habari ambaye amepata kazi Dodoma. Pamba yenyewe ilikaa nje ya Ligi Kuu miaka 23 mpaka ilipopanda mwaka 2024 ikiwa ya pili nyuma ya KenGold, safari hii ikiwa chini ya Halmashauri ya Jiji na ikiitwa Pamba Jiji. Nilifurahi kama mtoto. Ilianza msimu wa 2024/25 kwa kusuasua, kocha Goran Kopunović akaondoka mwezi Oktoba, akaja Fred Felix Minziro, na timu ikabaki, wakati Kagera Sugar na hao KenGold waliopanda nao wakishuka. Lakini swali langu kwa wenye timu ni la kikatibu tu: pale klabu ilipobadilisha mikono, je, kuna aliyekabidhiwa madaftari ya miaka ya nyuma kwa maandishi, na orodha ya vilivyomo ikasainiwa? Kama yupo, naomba atangazwe, nami nitakwenda kumpongeza. Kama hayupo, basi jiji limerithi jina na jezi, na historia imeachwa kwenye masanduku ya bati.

Sasa nije kwenye sababu ambayo, nadhani, itawagusa hata wale wasiojali historia. Ni fedha.

Klabu yetu ilipata kumlea kijana mmoja aliyekuja akiwa na miaka 13, mwembamba, anacheza pekupeku kwa sababu viatu vilimbana. Alicheza kwetu misimu mitatu. Baadaye akachukuliwa na kituo kimoja, kisha timu ya ligi ya juu, kisha akauzwa nje ya nchi. Mtu mmoja mwenye kuzijua kanuni alitupigia simu kutuuliza kama tuna uthibitisho wa kumsajili. Tulikuwa tumemsajili kihalali. Mimi mwenyewe nilipeleka fomu, na picha zake mbili za pasipoti nilizilipia mfukoni. Nakala yetu ilikuwa kwenye lile sanduku. Katika ofisi tuliyotegemea kupata nakala ya pili, tuliambiwa fomu za miaka ile "zilihamishwa" wakati wa kupaka rangi, na hakuna anayejua zilihamishiwa wapi. Tulikwenda mara nne. Mara ya nne tulikuta ofisi imefungwa na mlinzi akatushauri, kwa nia njema, tusahau.

Kanuni za FIFA ziko wazi. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha ya mauzo hugawiwa vilabu vilivyomlea kuanzia msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una robo ya asilimia moja ya bei yote. Kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una nusu ya asilimia. Fanyeni hesabu pamoja nami. Kijana akiuzwa kwa dola 100,000, dola 5,000 zinatengwa kwa walezi wake. Klabu iliyokaa naye misimu mitatu ya miaka 13, 14 na 15 inastahili dola 750. Kwa klabu ya ligi ya mkoa hizo ni jezi, mipira na nauli za msimu, na zinabaki. Tena hiyo ni mbali na fidia ya mafunzo, ambayo hudaiwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu cha kupitisha malipo hayo, nacho hufuata pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya vilabu vyote alivyosajiliwa tangu utotoni. Pasipoti hiyo haitungwi Zurich, makao makuu ya FIFA. Inajengwa kutokana na kumbukumbu za chama cha nchi, na chama cha nchi hakiwezi kujua kilichofanyika kwenye uwanja wa vumbi wa Buswelu mwaka fulani kama ninyi wa wilaya na mkoa hamkukiandika mkakituma.

Nikubali kwamba siku hizi usajili umeanza kuingizwa kwenye mifumo ya kompyuta, na hilo ni jema. Ila mfumo unaanzia pale ulipoanzia. Vijana walio na miaka 19 au 20 leo, ambao ndio wanaoanza kuuzwa, walikuwa na miaka 12 wakati ambapo vilabu vingi vya madaraja ya chini bado vilikuwa vya kalamu na karatasi. Hao ndio tunaowapoteza, nao wataendelea kupotea mpaka karatasi zao zitafutwe.

Kumbukumbu pia zingetusaidia kujibu swali la kwa nini kanda hii inapanda na kushuka kama maji ya ziwa. Biashara United ya Musoma ilimaliza ya nne mwaka 2021, ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika, ikaitoa Dikhil ya Djibouti, ikaifunga Al Ahli Tripoli 2 kwa 0, kisha ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa mchezo wa marudiano na kuondolewa. Msimu huohuo ikashuka daraja. Geita Gold ilishika nafasi ya nne mwaka 2022 na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Miaka miwili baadaye nayo ikashuka. Kila mmoja ana maelezo yake: mfadhili alichoka, wachezaji hawakulipwa, marefa, uchawi. Kama tungekuwa na misimu ishirini ya ratiba, safari, idadi ya wachezaji waliosajiliwa na kuachwa, na mapato ya mlangoni, tungeweza angalau kuona yanayofanana. Kwa sasa tunabishana tu, na mwenye sauti kubwa anashinda.

Kwa hiyo ninachoomba kifanyike ni hiki, na sidhani kama kuna lolote hapa linalohitaji mfadhili.

Kwanza kabisa, ripoti ya kamisaa, yaani msimamizi rasmi wa mchezo, na orodha ya wachezaji ya kila mchezo wa ligi ya mkoa zitolewe nakala tatu badala ya zile ambazo sasa huishia kwa katibu: moja ibaki chamani, moja ipelekwe kwa ofisa michezo wa halmashauri, na ya tatu ikusanywe mwisho wa msimu, ijalidiwe, na ipelekwe Maktaba ya Mkoa. Hapa mjini tunacho pia kituo cha Kanda ya Ziwa cha Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambako wapo watu waliosomea kazi ya kulinda karatasi dhidi ya mchwa na unyevu. Sijui kwa nini tunawaacha wakitunza nyaraka za wakoloni za kilimo cha pamba huku za Pamba ya mpira zikiwasha mkaa. Barua moja ya chama kwenda kwao ingetosha kuanzisha mazungumzo.

La pili ni kuhusu makabidhiano. Kanuni za ligi ya mkoa zitamke kwamba katibu anapoondoka, kwa uchaguzi, kwa kuhama au kwa kifo, klabu haitathibitishiwa usajili wa msimu unaofuata mpaka katibu mpya aonyeshe orodha ya nyaraka alizopokea. Najua makatibu wenzangu watanichukia. Nami ningekuwa bado ofisini ningenuna. Lakini tunawanyima watu usajili kwa ada ndogo kuliko thamani ya vitabu hivyo, na klabu inayouzwa au kubadilishwa jina ndiyo ingebanwa zaidi, kama inavyostahili.

Kisha wako wazee. Waliocheza na kuongoza mpira wa Mwanza katika miaka ya 1970 na 1980 bado tunao baadhi, wengine Igoma, wengine Nyakato, wengine walirudi visiwani Ukerewe. Wana picha, wana vipande vya magazeti, wana kadi za wanachama. Kijana mmoja mwenye simu nzuri, akipewa nauli na barua ya utambulisho, anaweza kupiga picha albamu ya mzee kwa asubuhi moja na kumwachia albamu yake. Msiwaombe watoe vitu vyao. Hawatatoa, na wana sababu, kwa kuwa waliowahi kuazimisha hawakurudishiwa. Hili la wazee ndilo haliwezi kungoja mkutano mkuu.

Ama kuhusu gharama, nimepiga hesabu ya karatasi na kujalidi kwa msimu mzima wa ligi ya mkoa kwa bei za stationari za hapa katikati ya jiji, nikaona ni chini ya tunachotumia kwa vinywaji siku ya kufungua ligi. Siwataki mniamini; chukueni ratiba yenu, hesabuni mechi, zidisheni mara tatu, kisha nendeni mkaulize bei ya rimu.

Lile kaunta buku la mzee nimelitolea nakala kurasa zote zilizobaki, hata zile zenye mafuta. Nakala moja iko kwangu, moja iko kwa mwenyekiti wa klabu, na ya tatu nimeifunga kwenye bahasha ya kaki na kuiandika "Ligi ya Mkoa". Nitaileta mwenyewe siku mtakayonitajia ofisi ya kuipokea na jina la cheo cha atakayesaini kuipokea. Mjane wa mzee ameniahidi kwamba kilichobaki jikoni hakitaguswa mpaka nirudi, na amelihamishia sanduku ubavuni mwa kabati la vyombo, juu ya tofali mbili.

Wenu katika mchezo,

Katibu mstaafu wa klabu ya ligi ya mkoa,
Ilemela, Mwanza.